Riwaya ya Kisiwa cha Wanawake na Kanga Zilizorudishwa

Sikiamini kitabu kinachojisifu kwenye jalada lake. Hiki kililetwa dukani kwangu Wete na binti wa kaka yangu mwenyewe, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi, na kabla sijakifungua nilikwisha kuona jambo la kutilia shaka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaningoja nisome pale pale, kama mtu aliyekuletea chakula na anataka kukuona ukimeza.

Nilimwambia kitabu hakisomwi hivyo, aende zake, nitamwita.

Inafaa niseme mimi ni nani, kwa sababu hapa kwetu ukirudi kutoka nje watu husema umerudi na maneno tu. Mimi nimerudi na zaidi ya maneno. Niliondoka Msuka nikiwa msichana, nikaenda Maskati nikafua nguo za watu na kulea watoto wa watu, na fedha ile nikaipeleka Dar es Salaam kujisomesha, wakati wenzangu niliowaacha walikuwa wakisema mtu mzima haingii tena darasani. Niliingia. Nikatoka na stashahada ya ukutubi. Iko kwenye fremu ya kioo juu ya mashine yangu ya fotokopi, na anayetaka kuisoma huisoma akisubiri karatasi zake. Nyumba ninayokaa nimeijenga mimi. Duka la steshenari ni langu. Sina mume wa kumshukuru hata kwa tofali moja. Kwa hiyo ninaposema kitabu fulani kimenivunja moyo, asije mtu akaniambia sikukielewa.

Binti huyu ni mwalimu. Walimpeleka kusomesha Fundo, kisiwa kidogo mbele ya Wete, na huko, skuli ikifungwa mchana na hakuna pa kwenda, akaanza kuandika riwaya kwenye simu. Mwanzoni alikuwa akiituma vipande vipande kwenye makundi ya simu, watu wakimwomba kipande kinachofuata. Baadaye akataka iwe kitabu. Sehemu ya gharama ya uchapaji niliitoa mimi, bila ya kuusoma mswada, jambo ambalo silifanyi na sitalifanya tena. Nilisema ni damu yangu, kichwa chake kimetoka upande wetu.

Basi nikasoma.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kisiwa ambacho wanawake ndio watawala. Malkia ni mwanamke, mahakimu wanawake, manahodha wanawake, na uchawi wote uko mikononi mwao, unatoka kwa mama kwenda kwa binti. Wanaume wamo, lakini wanapika na kungoja. Siku moja nguvu za uchawi zinaanza kupungua. Moto hauwaki kwa neno, mvua haiji ikiitwa. Malkia anamtuma msichana mmoja aende vyumba saba vya mama wakubwa, visiwa saba mbalimbali, akusanye maneno saba ya siri, ayaunganishe, na nguvu zirudi.

Ukisikia hivyo unasema, hapa pana kitu. Na mimi nilisema hivyo. Kurasa za kwanza nilizisoma nikiwa nimesimama.

Halafu nikaanza kuona nyufa. Msichana anavuka bahari juu ya mgongo wa papa kwa mistari miwili, na hata nguo zake hazilowani. Akishikwa na njaa, chakula kinatokea. Akikutana na adui, anainua mkono na adui anakuwa jivu, na adui wa pili naye anakuwa jivu, mpaka ukaona kisiwa kizima kinahitaji fagio. Sikuona hata mahali pamoja ambapo alichoka. Mimi nimesafiri kutafuta kitu, najua safari ya kutafuta inavyofanya miguu na inavyofanya moyo. Huyu alitembea visiwa saba akarudi na mba kidogo tu kichwani, nayo ikaondolewa kwa uchawi.

Na yule malkia. Nchi ya wanawake watupu, basi nikatarajia kusikia wanawake wanavyosema wakiwa peke yao, vijembe vyao na ukali wao, na utani wa mawifi. Malkia alisema kama mtangazaji wa redio anayesoma hali ya hewa. Nilimshuku binti kwamba hakuandika mwenyewe. Nilichukua sentensi zake nikazitafuta kwenye simu, moja baada ya moja, nione kama kazinyanyua mahali. Sikupata kitu. Zilikuwa zake, na hilo halikunifariji.

Lakini kubwa lililonikera ni vyumba. Kila mara msichana anapofika kwenye chumba cha mama mkubwa, anavua viatu, anaingia, mlango unafungwa, na sisi wasomaji tunabaki nje. Mlango unafunguliwa, msichana anatoka macho yamebadilika, na kitabu kinasema, "Akawa ameambiwa aliyoambiwa." Chumba cha kwanza nilivumilia. Cha pili nikasema labda anatutamanisha. Kufika cha nne nilikifunga kitabu nikaenda kumhudumia mteja. Riwaya nzima ni ya kutafuta maneno saba, na hata neno moja msomaji hapewi.

Nilimpigia simu nikamwambia kwa kifupi: hakikuniridhisha. Akauliza ni wapi hasa. Nikamwambia vyumbani. Akasema, "Haya shangazi, ahsante," akakata. Kule kutobisha nilikuwekea alama moyoni. Mwandishi aliyekosolewa hubisha. Asiyebisha ana lake.

Haukupita muda, wifi yangu, yaani mama yake binti, akanipigia kutoka Msuka akilia. Somo karudisha kanga.

Kwa asiyejua mila yetu, nieleze. Msichana akivunja ungo, mama yake humtafutia somo, mwanamke mtu mzima wa nyumba nyengine, amfunze mambo ya mwili wake na ya unyumba. Yanayosemwa chumbani kwa somo hayatoki. Msichana huapishwa. Na harusi yake ikifika, somo yule yule ndiye atakayemsugua singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusafisha ngozi, amvishe, amtie udi, ampeleke chumbani kwa mume na kukaa naye jirani mpaka fungate iishe. Kwa hiyo harusi ikikaribia, familia humpelekea somo doti za kanga kumpa habari. Akizipokea, maana yake nakuja. Akizirudisha, hakuna haja ya kuuliza maana yake.

Na harusi ya binti ilikuwa imekaribia kweli. Mchumba ni kijana wa Tumbe, mtulivu, watu wake wanafanya biashara ya samaki. Wifi akaniambia habari zimekwisha fika Tumbe, na mama wa mchumba kasema maneno ya kiungwana lakini mazito: biharusi aliyekataliwa na somo wake, wao hawawezi kumpokea mpaka wajue sababu. Somo mwengine hapatikani. Mwanamke gani wa kaskazini atakubali kushika mkono ulioachwa na mwenzake? Ataulizwa kaona nini ambacho mwenzake hakukiona.

"Na sababu anasemaje?" nikamuuliza wifi.

"Anasema mwanangu kaandika ya chumbani."

Nilicheka, nakiri. Nikamwambia kitabu nimekisoma neno kwa neno, na mimi mwenyewe nimefundwa Msuka, kwa mama yake huyo huyo somo, Mungu amrehemu. Nilikula kiapo kile kile. Kwa hiyo naweza kusema bila ya kutoa siri yoyote kwamba humo hamna kitu. Wifi akaniambia nikamwambie somo mwenyewe.

Nikafunga duka. Njiani nilikuwa nimekwisha kumpata mchawi wangu. Mchumba ana shangazi pale Tumbe, mwanamke mwenye ulimi na mali kidogo, na nilisikia zamani kwamba alimtaka kijana amwoe binti wa upande wao. Nikasema huyu ndiye. Kasikia kitabu cha wanawake na uchawi na vyumba, katia chumvi, kakipeleka Msuka. Somo hasomi vitabu. Nani kamsomea?

Nikashuka Tumbe, nikamkuta sokoni, anasimamia samaki wake wakipakiwa kwenye pikapu. Tukaamkiana vizuri, afya, nyumba, watoto. Kisha nikamwambia nimesikia kuna watu wanakipitisha kitabu cha binti yetu midomoni.

Hakuniachia nafasi. "Shangazi wa bibi harusi, hebu niangalie mikono," akasema, akanionyesha magamba. "Mie huyu nina muda wa kusoma riwaya? Na ningekuwa sitaki harusi ningesema mbele ya posa, si nyuma ya kitabu. Wewe umesoma sana mpaka umekuwa askari?"

Wapakiaji wakacheka. Nikasema mimi nauliza tu.

"Uliza basi mahali penyewe." Akajifuta mkono kwenye kanga, akatoa simu, akatafuta, akanipa. "Hili sikuliandika mie."

Lilikuwa tangazo la kitabu. Jalada lile lile, mwanamke na fimbo inayowaka. Na chini yake, kwa maandishi ya rangi ya dhahabu: "Waliyofundishwa bibi zetu wa Pemba ndani ya chumba, sasa hadharani kwa mara ya kwanza." Chini ya hapo namba ya simu ya binti wa kaka yangu.

Alikuwa ameliweka kwenye stetasi yake na kwenye kila kundi alilomo.

Nilimrudishia yule mama simu yake. Alinifungia samaki wawili kwenye mfuko, akakataa fedha, akasema mwambie wifi yako sisi harusi tunaitaka. Nikauchukua mfuko. Bado nilimtazama vizuri usoni nione kama kuna furaha iliyojificha. Sikuiona, lakini watu wa sokoni wamezoea kuficha.

Safari iliyobaki mpaka Msuka niliipitisha nikilisoma tangazo lile kichwani. Nilijua hasa alichokifanya. Nilipokuwa nikisoma Dar es Salaam, kila aliyesikia natoka Pemba alivuta kiti chake nyuma kidogo. Wakiniuliza kwa kunong'ona, ni kweli mnafuga majini? Ni kweli bibi zenu huruka? Mimi hali hiyo niliipiga vita miaka yote kwa elimu na kwa usafi wa kazi yangu. Binti wa kaka yangu yeye kaitazama shaka ile ile ya watu wa bara, akaona ni soko.

Nilimkuta nyumbani kwa mama yake, amekaa ukumbini anakwangua nazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Nikamuuliza kuhusu tangazo. Akaniangalia mimi, akaiangalia nazi.

"Vitabu vilikuwa haviondoki, shangazi. Viko kwenye maboksi chini ya kitanda. Nilipoandika vile, vikaondoka."

"Na ulichoahidi kimo?"

"Wewe si umesoma? Si wewe uliyeniambia vyumbani hamna kitu?"

Hapo shaka yangu ikanigeukia. Nilijiuliza kama mimi mwenyewe nimesoma vizuri. Labda yamo, kayaficha kwenye nyimbo, au kwenye majina ya visiwa saba, kwa namna ambayo mwanamke aliyekaa nje miaka mingi kama mimi haioni upesi. Nikarudi kwenye kitabu, nikakipitia upya kwa jicho la mtu aliyeapa. Hakuna. Milango imefungwa na kufuli, na ndani ya kufuli hamna ufunguo. Lakini nilijua neno langu peke yangu halitamtosha somo. Mimi ni shangazi, na nimelipia uchapaji. Ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Tukaenda kwake baada ya sala ya adhuhuri, mimi, wifi, na binti nyuma yetu amejifunika mpaka machoni. Somo alikuwa uani na wanawake wengine wa mtaani, wanasuka ukili, zile kamba bapa za miyaa zinazoshonwa mikeka. Nilimpa heshima yake. Aliitikia, akatuonyesha jamvi, na mikono haikuacha kusuka. Ni mwanamke mwembamba, si mzee sana kuliko mimi, na nusu ya wanawake wa kaskazini wamepita mkononi mwake.

Nilieleza. Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa vitabu, nina cheti cha kazi hiyo, na kitabu nimekisoma mara mbili.

"Cheti nakijua, kila mtu Wete kakisoma," akasema. "Hicho hakikufundwa. Kisome tusikie. Vile vyumba tu."

Nikasoma. Na mimi nikisoma, nasoma. Sauti yangu si ya kubabaika. Nikawapeleka chumba cha kwanza, msichana akavua viatu, mlango ukafungwa, akatoka. Wanawake waliinamisha vichwa wakisikiliza kama watu wanaotafuta sindano sakafuni. Cha pili. Cha tatu. Nikisoma nilikuwa nikiwaangalia kwa pembeni, kila uso, nione nani atashtuka. Nilimwangalia zaidi somo. Nilikuwa nimemshuku na yeye, nisifiche. Nilidhani labda kanga zilikuwa kidogo machoni pake na kitabu ni kisingizio. Lakini alisikiliza kwa hofu ya kweli. Kila mlango ulipofungwa vidole vyake vilisimama, na ulipofunguliwa vikaendelea. Nikaona kwamba mwanamke huyu, ikiwa yamo, hataweza tena kumfunda mtoto wa mtu. Nani atamletea binti yake?

Chumba cha saba kilipofungwa, niliweka kitabu mapajani.

"Umeruka?" akaniuliza.

"Mimi siruki kurasa."

Mmoja wa wanawake akakichukua, akafuata mistari kwa kidole, akasema hajaruka.

Somo akaweka ukili chini. Hapo ndipo alipomgeukia binti kwa mara ya kwanza.

"Njoo karibu, mwanangu. Tangazo lako nalo nimesomewa. Sasa yako mawili tu. Ama humu mna yetu, na umeyafukia mahali sisi hatujaona. Ama hamna, na watu umewauzia kapu tupu. Lipi?"

Wifi alinifinya mkono. Mimi nilielewa ugumu wake kuliko mtu yeyote pale. Akisema yamo, kavunja kiapo, na harusi imekufa. Akisema hayamo, yeye ni mwongo mbele ya wanawake wote wa mtaa wake, na kitabu chake, kile alichokiandika peke yake Fundo, ni ganda. Na nilivyomwona anavyokitazama kile kitabu kwenye mapaja yangu, sikuwa na hakika hata kidogo atachagua lipi. Vijana wa siku hizi wanaweza kukubali kuitwa wasaliti kabla ya kukubali kuitwa wabovu wa kazi.

Alikawia. Kuku walipita uani, mtu akawafukuza.

"Hamna, bibi," akasema.

"Sema wakusikie."

"Hamna kitu. Tangazo nilidanganya. Nilijua nikikitaja chumba watanunua."

Somo alimshika kidevu akakiinua, kama anavyofanyiwa mtoto anayedai kwamba hakula sukari.

"Mwongo nitamsugua singo," akasema. "Angekuwa mvunja kiapo, nisingemgusa."

Wifi alishusha pumzi mpaka nikaisikia. Mwanamke mmoja wa pembeni akauliza kwa uchungu, na yeye aliyekinunua je?

"Wewe ulinunua unatafuta nini?" somo akamjibu. "Mie si nilikufunda mwenyewe? Au ulikuwa umelala?"

Uani kote wakacheka, na yule mwanamke akajifunika uso kwa kanga akacheka na yeye. Nilidhani shughuli imekwisha, nikaanza kutafuta viatu. Somo akaniambia nikae.

"Malizia. Maneno saba anayo. Akifika kwa malkia anapewa nini?"

Nikasoma mwisho. Msichana anarudi, malkia anamwingiza kwenye chumba kikubwa kuliko vyote, msichana anafungua kinywa kuyasema maneno saba. Mwanga mweupe unajaa. Mlango unafungwa.

"Enhe," somo akasema.

"Basi."

"Basi vipi?"

"Ndiyo mwisho."

Wakaangaliana. Nimewahi kuwaona watu wamekasirishwa na vitabu, lakini sijawahi kuona uwanja mzima wa watu waliokuja kuhakikisha kitabu hakina kitu wakikasirika kwamba hakina kitu.

"Mtoto wa watu katembea kote huko," somo akasema polepole, "kapanda papa, kaunguza watu, kaja mwisho kafungiwa mlango?"

"Singeweza kuandika, bibi," binti akasema, na hapa sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo haikuwa nayo alipokuwa akikiri. "Niliapa. Kila nikifika mlangoni nilikuwa naona chumba chako. Mkono unakataa."

Nikaona ni wajibu wangu kusema, kwa kuwa jambo hili lilikuwa la fani yangu. Nikasema kiapo ni kiapo, lakini riwaya ina ruhusa ya kubuni. Angetunga maneno saba yake mwenyewe, ya visiwa vyake, ya malkia wake, yasiyohusiana na sisi hata kidogo.

"Hata ya uongo?" somo akaniuliza.

"Hata ya uongo. Ndiyo kazi ya riwaya."

Somo akatikisa kichwa, akamgeukia binti. "Basi uongo wote umeumwaga kwenye tangazo, ndani ukasahau kutia."

Wanawake walikwisha kurudi kwenye ukili, wakibishana miongoni mwao malkia angepaswa kusema nini, na mmoja akasema yeye asingemtuma mtoto, angekwenda mwenyewe. Wengine wakaanza kumtungia safari yake. Niliyasikiliza kwa sikio la kazi, na nikaona kwamba kwa dakika chache zile uani kulikuwa na kitabu bora kuliko tulichokuja nacho. Sikulisema. Nilimwona binti naye anasikiliza, na sikutaka kumwongezea.

Mambo ya kanga yakasemwa hapo hapo: kesho ziletwe tena, na zisiwe zile zile, maana zilikwisha kanyaga barabara. Somo akaweka sharti moja. Tangazo liondolewe leo, kabla jua halijatua, kila lilipo. Atakayeuliza aambiwe ni hadithi ya kubuni, basi. Binti akasema ndiyo, bibi.

Nilitoka naye mpaka barabarani, kungoja gari ya Wete. Wifi alibaki nyuma kwa salamu zake ndefu. Tulipofika peke yetu, binti akaanza kulia, na nikamwambia hana sababu, mume anaye, somo anaye, watu wa Tumbe watapigiwa simu jioni hii.

"Hakuna hata mmoja aliyesema kizuri, shangazi."

"Ni kweli. Hakuna."

"Hata wewe."

"Hata mimi," nikamwambia. "Ungetaka nikudanganye, ungeniambia nikuandikie tangazo."

Alicheka kidogo katikati ya kilio, kwa kukasirika. Nikamwambia angechagua lile jibu jengine pale uani, watu wangekiogopa kitabu chake, wangekitafuta, na yeye asingekuwa na harusi wala mji wa kurudi. Alilijua hilo. Aliniambia alilijua tangu alipoitwa karibu. Akasema alipokawia alikuwa anapima. Nikamuuliza anapima nini na nini, ingawa nilikwisha jua, na akasema, "Usiniulize, shangazi."

Sikumuuliza tena. Nimeishi na watu wengi na majumba mengi, na najua kuna jibu ambalo ukilisikia utamshuku mtu maisha yako yote.

Akatoa simu. Akafuta tangazo kwenye stetasi, kwenye kundi la kwanza, la pili, akaendelea, na kila alipofuta vidole vyake vilikuwa vizito, maana lile tangazo ndilo lililokuwa likiviondoa vitabu chini ya kitanda chake. Akaniambia tayari. Nikamwambia anionyeshe. Akanionyesha skrini. Nikamwambia afunge simu, aifungue upya, aingie kila kundi mbele ya macho yangu.

"Huniamini?"

"Fungua."

Akafungua. Gari ilikuwa imekwisha simama na dereva anapiga honi, nami nikamwambia angoje, nikaendelea kusoma majina ya makundi moja baada ya jengine mpaka la mwisho. Tangazo halikuwepo popote.